Kumtunza Kiti cha Pweza Nyumbani: Maji Kwanza, Kisha Njaa

Mtu anayempoteza kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, katika tangi lake la maji ya chumvi kwa kawaida husimulia kwamba jana mnyama alikuwa mzima, na leo asubuhi amemkuta amelegea, ncha za mikono yake zikiwa zimeanza kumong'onyoka. Nimeisikia simulizi hiyo mara nyingi, hata siku hizi siulizi tena habari za jana. Huuliza habari za miezi mitatu iliyopita: tangi lina umri gani, maji yanayopotea kwa mvuke hujazwa kwa kitu gani na kila baada ya muda gani, na mnyama huyo alikuwa akila nini hasa. Majibu ya maswali hayo hueleza vifo vingi kuliko ugonjwa wowote ule. Kiti cha pweza hufa taratibu mno na bila kuonyesha dalili za wazi, na kwa hiyo anayetaka kumfuga hana budi kujua mwili wake unavyofanya kazi kabla hajavutwa na rangi yake.

Ninaishi Dar es Salaam, na ninayemfuga ni yule mwenye vinundu vyekundu, Protoreaster lincki, ambaye watu wa pwani wanamfahamu vizuri kwa sababu maji yanapokupwa wakati wa bamvua huonekana wazi kwenye nyasi bahari, kuanzia kwetu huku hadi Unguja na Mombasa. Mengi nitakayoyaeleza yanatokana na nyumba zenye joto kama zetu, ingawa kanuni zenyewe hazibadiliki kwa Mswahili anayefuga Muscat au Toronto. Wa Toronto atahangaika na hita, nami nitahangaika na feni.

Naanza na maji, kwa kuwa mnyama huyu kwa sehemu kubwa ni maji ya bahari yaliyozungushiwa ngozi. Hana moyo wala ubongo, na hana damu kama tuliyoizoea sisi. Juu ya mgongo wake, pembeni kidogo ya katikati, kuna kidoa kigumu kinachofanya kazi ya kichujio, na ndani yake huanzia mfumo wa mirija uliojaa maji ya bahari ambao huzunguka mdomo na kugawanyika hadi kwenye kila mkono. Shinikizo la maji hayo ndilo linalorefusha na kufupisha mamia ya vijiguu laini vilivyo chini ya mikono, vile unavyoviona vikishika kioo anapopanda. Samaki ana figo na matamvua yanayomsaidia kurekebisha chumvi ya mwili wake, lakini kiti cha pweza hana chombo cha kazi hiyo, na chumvi iliyo nje huwa ndiyo chumvi iliyo ndani. Wanasayansi wametambua takriban aina 1,900 za viti vya pweza, na hakuna hata moja inayoishi katika maji baridi ya mito au maziwa. Ukilizingatia hilo, utaelewa kwa nini badiliko la chumvi ambalo samaki wako hawakulijali hata kidogo linaweza kumuua yeye.

Kiwango cha kushikilia ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, ambacho kwenye kipimo cha densiti mahususi husomeka kati ya 1.025 na 1.026. Haidromita ya plastiki yenye mkono unaoelea mimi siiamini, kwa sababu viputo vidogo vya hewa hunata kwenye mkono huo na kuupandisha. Refraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya maji, ni bora zaidi, mradi irekebishwe mara kwa mara kwa maji maalumu ya kipimo yenye chumvi ya 35, maana inayosoma sifuri sahihi kwenye maji safi inaweza bado kudanganya kwenye maji ya bahari. Vipimo vingine nitavitaja kwa ufupi: joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, pH (kipimo cha asidi ya maji) kati ya 8.1 na 8.4, amonia na nitriti, ambazo ni sumu za uchafu unaooza, zisionekane kabisa, na nitrati ibaki chini ya miligramu 10 kwa lita. Kwa kuwa kiunzi cha mnyama huyu kimejengwa kwa kalisi kaboneti, kalisi yenyewe ibaki kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Hata hivyo, kati ya tangi lenye vipimo vizuri vinavyoyumba kila wiki na tangi lenye vipimo vya wastani visivyotikisika, mimi ningemweka kiti cha pweza katika hilo la pili bila kusita.

Adui mkubwa wa utulivu huo katika mji wetu ni mvuke. Maji hupanda hewani na chumvi hubaki, kwa hiyo tangi lisilojazwa huzidi kuwa chungu kila siku. Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita nne kwa siku, jambo la kawaida pale feni inapopuliza juu ya maji. Siku ya kwanza chumvi hupanda kutoka 35 hadi karibu 35.7, na ukisafiri siku tatu bila mtu wa kujaza, hufika zaidi ya 37. Kisha unarudi, unaona maji yamepungua, unamimina ndoo nzima ya maji safi kwa mara moja, na kwa dakika chache tu unamshusha mnyama umbali wote alioupanda kwa siku tatu. Kule kupanda huenda alikuwa amekistahimili, ila kushuka kwa ghafla ndiko kunakomwumiza zaidi. Dawa yake ni kujaza kidogo kidogo kila siku, na aliye na uwezo anunue kifaa cha kuelea kinachoiwasha pampu ndogo kila maji yanapopungua. Kinachojazwa kiwe maji safi yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi kinyume kama yale yanayouzwa kwenye vituo vya maji ya kunywa, kwa kuwa maji ya bomba huwa na klorini na wakati mwingine hupitia mabomba yenye shaba.

Kuhusu feni, ni kweli kwamba inasaidia. Mwezi wa Februari na Machi chumba kisicho na kiyoyozi kinaweza kuzidi nyuzi 31, na pampu na taa huongeza joto juu ya hapo. Feni ndogo inayopuliza uso wa maji huweza kulishusha kwa nyuzi mbili au tatu, ila ubaridi huo unaulipia kwa mvuke, na mvuke ndio uliotuletea hesabu ya aya iliyotangulia. Viumbe wa pwani yetu huvumilia nyuzi 28 au 29, maana bahari yenyewe hufika hapo wakati wa kaskazi, lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na tangi halina mkondo wa bahari wa kuirudisha. Kwa hiyo hofu yangu kubwa ya miezi hiyo ni umeme kukatika usiku. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika, ni kifaa cha bei nafuu ambacho ningemshauri mtu anunue kabla ya taa yoyote ya kupendeza.

Sisi wa pwani tuna bahati ya kuweza kutumia maji ya bahari yenyewe badala ya kuchanganya chumvi ya kununua, lakini bahati hiyo ina masharti. Maji ya ufukweni karibu na mdomo wa Mto Msimbazi au bandarini siyo ya kumwekea kiumbe yeyote unayemtakia mema. Ni afadhali kupatana na mwenye mashua ayateke mbali na pwani wakati maji yanajaa, katika madumu yaliyotumika kwa kazi hiyo tu, kamwe yasiwe yaliyowahi kubeba mafuta au sabuni. Wakati wa masika usiteke kabisa, kwa kuwa mito humwaga maji baridi na taka baharini na chumvi ya juu ya maji hushuka. Yakifika nyumbani yaache gizani, ndani ya chombo kilichofunikwa, ili viumbe vidogo vilivyomo vife na uchafu utuame. Baada ya hapo yasukume kwa pampu, pima chumvi, linganisha joto, ndipo yaingie tangini.

Siku ya kumleta mnyama nyumbani ndiyo siku ambayo kosa la haraka hugharimu zaidi. Mweke pamoja na maji yake katika ndoo safi, chukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, uvute maji kutoka tangini, kisha ufunge fundo ili yadondoke matone mawili au matatu kwa sekunde. Kwa mwendo huo utaongeza takriban nusu lita kwa saa, na ikiwa alikuja na lita moja ya maji, baada ya saa tatu au nne atakuwa amezungukwa kwa sehemu kubwa na maji ya tangi lako. Pima chumvi ya ndoo mwanzo na mwisho. Aliyesafirishwa kwa saa nyingi ndani ya mfuko uliofungwa anahitaji busara zaidi, kwa kuwa maji ya mfuko huo huwa na amonia iliyotulizwa na pH ya chini, na mfuko ukifunguliwa pH hupanda na amonia huwa kali. Huyo usimwache kwenye maji ya safari zaidi ya inavyolazimu; ni bora kumtayarishia mapema ndoo ya maji mapya yenye chumvi ileile aliyokuja nayo, kisha kumzoesha kutoka hapo. Wapo wanaoshikilia kwamba kumtoa hewani hata kidogo ni kumuua. Anayeishi kwenye nyasi bahari hukutwa juu ya mchanga maji yakikupwa na hafi kwa hilo, ila sioni faida ya kumjaribu, kwa hiyo mimi humhamisha akiwa ndani ya bakuli lenye maji. Akiwa ameshika kioo usimvute, maana vijiguu hukatika.

Sasa njaa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoua wengi zaidi. Wauzaji huwapa viti vya pweza wote sifa moja, kwamba wanasafisha tangi, ilhali aina moja na nyingine hutofautiana kwa chakula kama mbuzi anavyotofautiana na paka. Yule wa buluu anayependwa sana, Linckia laevigata, hula utando mwembamba wa viumbe vidogo mno unaoota juu ya mawe, na aghalabu ukimwekea kipande cha nyama ya kamba hukipita tu. Anahitaji tangi kubwa, lita 400 au zaidi, lenye mawe hai mengi (mawe ya baharini yaliyojaa viumbe vidogo) na umri wa mwaka au zaidi, na hata hapo wengi hawamalizi mwaka. Yapo mambo ya kustaajabisha kumhusu: mwaka 2014 watafiti Anders Garm na Dan-Eric Nilsson walionyesha kwamba macho madogo yaliyo kwenye ncha za mikono yake humsaidia kuuona mwamba na kurudi kwake, na wale walioondolewa macho walitembea ovyo. Mnyama anayetafuta mwamba wake kwa macho, kisha akakosa chakula kwenye mawe machache ya sebuleni, mimi namwonea huruma, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kumwacha baharini.

Wadogo wa jenasi ya Fromia, wenye rangi nyekundu na chungwa, hula chakula cha namna hiyohiyo lakini kwa kiasi kidogo, hivyo tangi lililokomaa kwa zaidi ya miezi sita lina nafasi nzuri ya kuwatosha, tena awe mmoja tu. Wanaojizika mchangani, wa jenasi za Astropecten na Archaster, ndio wanaoonewa kuliko wote. Huuzwa kwa ahadi kwamba wataufanya mchanga uwe mweupe, kumbe wanachofanya ni kuwala viumbe walewale wanaouweka mchanga hai. Katika tangi la kawaida la nyumbani huwamaliza ndani ya miezi michache, kisha hufa kwa njaa wakiwa wamefukiwa, mahali ambapo mwenye tangi hawaoni. Iwapo huna eneo kubwa la mchanga mzito ulioachwa ukomae, usimnunue.

Wangu wa vinundu vyekundu ana tabia tofauti, na hiyo ndiyo sababu niliyomchagua: anakula nyama, anakula waziwazi, na mtu anaweza kujua kama ameshiba. Kasoro yake ni kwamba hachagui, kwa hiyo matumbawe laini, sifongo, konokono na chaza wote huishia chini ya tumbo lake. Anayetaka bustani ya matumbawe asimweke, na anayetaka kumweka asahau bustani hiyo. Anaweza kufikia upana wa sentimita 30, na tangi lipangwe kwa kuzingatia ukubwa huo tangu mwanzo.

Kumlisha ni kazi ya utulivu. Mara mbili au tatu kwa wiki namkatia kipande cha kome, ngisi au kamba mbichi kisichotiwa chumvi wala viungo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, nakiweka mbele ya mkono unaoongoza mwendo wake na kumwacha akipande mwenyewe. Akikikubali hujikunja mgongo kama kibanda, kwa sababu hutoa tumbo lake nje kupitia mdomoni na kukifunika chakula, kisha hukimeng'enya hapohapo kabla ya kulirudisha tumbo ndani. Kipindi hicho asiguswe kabisa. Samaki wenye njaa na kaa wanaoishi ndani ya magamba ya konokono humpokonya chakula chini ya mikono yake, hivyo huwalisha hao kwanza upande wa pili wa tangi, na wakati mwingine humfunika yeye kwa kikapu cha plastiki chenye matundu hadi amalize. Mabaki yote huyaondoa siku ileile, kwani kipande cha kome kilichooza nyuma ya jiwe huleta amonia kwa kasi ya kutisha.

Kwa aina zote, njaa haionekani kwa haraka kwa sababu mnyama huanza kuutumia mwili wake mwenyewe. Hupungua unene, kisha upana, naye bado anatembea na bado ana rangi. Namna bora ninayoijua ya kumkamata mapema ni rula. Anapopanda kioo napima kutoka katikati ya mwili hadi ncha ya mkono mrefu zaidi, naandika, na kurudia kila mwezi. Kipimo kikishuka miezi miwili mfululizo, chakula hakitoshi, hata kama mwenyewe anaonekana mchangamfu.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kifaa. Kiti cha pweza mwenye afya akigeuzwa chali hukunja ncha za mikono, hushika chini na kujipindua. Simgeuzi kwa mchezo, lakini anapoanguka mwenyewe kutoka kwenye kioo humtazama, na akianza kuchukua muda mrefu kuliko alivyozoea, siku hiyohiyo napima maji. Mikono iliyonyooka na kulegea, ngozi inayobonyea, madoa meupe yanayopanuka na vijiguu visivyoshika kitu ni dalili za kubadilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji kwa upole, kwa maji yenye chumvi na joto sawa. Mkono mmoja uliokatika kwa kuumia si msiba, kwa kuwa huota tena ndani ya miezi mingi maji yakiwa mazuri. Anayefuga wa buluu amkague pia upande wa chini, kwa sababu konokono mdogo aitwaye Thyca crystallina hunata hapo na kumnyonya, na huweza kuondolewa taratibu kwa kibano.

Dawa zenye shaba, ambazo hutumika kutibu madoa meupe ya samaki, ni sumu kwake hata kwa kiasi kidogo, na mawe na mchanga vilivyowahi kuogeshwa kwa dawa hizo huendelea kuitoa shaba. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye tangi lake la pembeni. Kamba mwenye mabaka ya rangi, Hymenocera picta, naye asikaribie, maana chakula chake ni viti vya pweza na hana kingine. Samaki wanaodonoa, kama vile kikande na bunju, hung'ata ncha za mikono.

Siku hizi kila kiti cha pweza anayeyeyuka tangini hudaiwa kuwa na ule ugonjwa wa Marekani. Ugonjwa huo upo kweli: kuanzia mwaka 2013 uliathiri zaidi ya aina 20 katika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, ukimwacha Pycnopodia helianthoides, kiti cha pweza mkubwa mwenye mikono mingi, karibu kutoweka katika maeneo mengi, na mwaka 2025 watafiti walichapisha ushahidi kwamba chanzo chake kwa mnyama huyo ni bakteria aina ya Vibrio pectenicida. Lakini kuyeyuka ni namna ambavyo mwili wa kiti cha pweza hufa kwa sababu yoyote ile, iwe chumvi, njaa au shaba. Anayeyeyuka aondolewe mara moja na kuwekwa peke yake, maana akifia tangini amonia yake inaweza kuwachukua na wengine.

Limebaki suala la mahali pa kumpata. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, na hairuhusiwi kuondoa kiumbe huko. Kwingineko, ofisi ya uvuvi ya wilaya ndiyo ya kuulizwa kuhusu kibali kabla mtu hajainama kuokota. Naye aliyechoka kufuga asimrudishe mnyama baharini ikiwa aliishi na viumbe au mawe yaliyotoka nchi nyingine, kwa kuwa atabeba vimelea visivyokuwepo huku. Amkabidhi mfugaji mwenzake mwenye tangi lililokomaa, pamoja na daftari la vipimo vya rula.